Unga wa Utosini

Kinyozi wangu alizima mashine, akaniuliza kwa upole kama anayeuliza hali ya mgonjwa: "Mzee, hapa katikati nipite, au nipaache papumzike?"

Sikuwa na habari. Mtu hujitazama usoni. Utosi wake huonwa na wengine. Abiria wote waliowahi kukaa nyuma yangu kwenye daladala walikuwa wakiijua siri hii miaka mingi.

Mama watoto alianza na juisi ya kitunguu maji, kila jioni, wiki mbili. Hakikuota kitu. Ofisini tu ndiko walikoanza kuulizana nani kaleta sambusa.

Nikaenda duka la dawa, nikauziwa minoxidil ya asilimia 5. Mfamasia akanieleza kwamba ilianza kama dawa ya presha, wagonjwa wakajikuta wanaota vinyweleo mahali ambako hawakuagiza. Unapaka mara mbili kwa siku, unasubiri miezi minne hivi, na siku ukiiacha, zilizoota nazo zinakuacha. Wiki ya tatu nywele zikazidi kudondoka. Kumbe hilo nalo limeandikwa kwenye karatasi ya ndani ya boksi, kwa herufi za sisimizi: mwanzoni huenda zikapungua zaidi. Dawa ya kuotesha inayoanza kwa kung'oa! Na harusi ya mpwa wangu Tanga ilikuwa imebaki siku kumi.

Kinyozi akajitolea kunichora kwa piko. Nilishamwona mteja wake mmoja. Kwa mbali kijana, kwa karibu ukuta uliopakwa rangi jana. Kuna wanaosafiri hadi Istanbul, wakatolewa nywele za kisogoni na kupandwa mbele, lakini kisogo changu chenyewe kinajitafutia.

Ndipo binti wa dada yangu, anayeuza vipodozi Kariakoo, akaniletea kichupa. "Mjomba, nyunyiza tu." Ndani mna vinyuzi vyeusi vya keratini, ambavyo mara nyingi hutengenezwa kwa sufu ya kondoo, na hushika kwenye nywele zilizobaki kwa umeme uleule unaofanya nguo ya nailoni ing'ang'anie mwili. Nikanyunyiza. Mama watoto akanizunguka mara mbili, akauliza, "Huyu baba ametoka wapi?"

Nikaingia Tanga kichwa wazi, kofia nimeikunja mfukoni. Nilikuwa nimefikiria kila kitu: jasho, upepo wa baharini, feni za ukumbini. Udhu sikuufikiria. Mtu niliyepita madrasa, nikachapwa bakora za kutosha, nimesahau kwamba kichwa hupakwa maji!

Ndoa ilikuwa ifungwe msikitini baada ya Alasiri. Nikakaa bombani, foleni nyuma yangu. Nikaosha uso, nikaosha mikono mpaka viwiko, nikapandisha kiganja kichwani bila kuwaza. Kikarudi cheusi kama cha fundi wa gereji. Maji yakateremka kwenye paji la uso, yakapita kando ya pua, yakaishia kwenye kanzu nyeupe ya kuazima.

Mzee wa bomba la pembeni, kipara kinang'aa kama sinia, akapaka chake mara moja akamaliza. Akanitazama.

"Mwanangu, unatoka masizi. Mmepikia kuni?"

Mpiga picha ameniahidi kuufuta mchirizi ule kwenye kanzu. Nimemwuliza kama, akiwa hukohuko kwenye kompyuta, anaweza pia kuongeza.