Lori Likichemsha, Kila Mtu Fundi

Lori likiishiwa mafuta, watu hutazamana mifukoni. Likipasuka tairi, hutafuta jeki. Lakini likichemsha, kila aliye karibu huwa fundi na kila fundi huwa na sababu yake. Balaa ni kwamba mara nyingi wote wanasema kweli. Hayo niliyashuhudia mlima Kitonga, nikisindikiza saruji yangu kwenda Iringa.

Kitonga hakuna mbwembwe. Ukishapita Ruaha Mbuyuni barabara inaanza kujikunja, na malori yanapanda kwa gia nzito, moja likimpulizia mwenzake moshi. Injini inavuja jasho, upepo wa mbele hakuna, rejeta imebaki kuitegemea feni tu. Mshale wa joto uliotulia tangu Morogoro ukaanza kunyanyuka. Nikamwonyesha dereva.

"Huo una tabia hiyo, mzee," akanijibu.

Kona iliyofuata, mvuke ukafumka mbele, tabia ikawa msiba.

Utingo aliruka na gogo lake, akalisukumiza nyuma ya tairi, akavunja matawi na kuyatandaza barabarani. Kisha akakamata kitambaa aende kufungua mfuniko wa rejeta. Madereva wa foleni nzima wakapiga yowe. Maji yaliyobanwa mle ndani huweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua, yanachemka papo hapo, na sufuria yake ni uso wako.

"Acha lipoe kwanza!"

Basi likaachwa lipoe, na bunge likakaa.

Dereva wa tangi la mafuta alibonyeza fenibelti kwa kidole gumba, ikazama bila ubishi. Akatangaza kwamba ikilegea hiyo, feni inazunguka kivivu, na pampu ya maji nayo hivyo hivyo. Mwenzake akamulika rejeta kwa simu: matope, mbegu za nyasi na panzi wa mikoa mbalimbali walikuwa wameziba njia ya hewa. Mama mmoja aliyeshuka na magunia yake ya vitunguu akauliza maji ya rejeta yanachotwa wapi. Utingo akasema popote penye mto.

"Mwanangu, birika langu lina ukoko kwa maji ya bomba tu. Hilo lenu si litakuwa jiwe?"

Hoja ikapita bila kupingwa.

Zamu ya mfuniko. Mpira wake ulishakufa, na mahali pake palifungwa kipande cha mfuko wa nailoni. Mzee mmoja, fundi mstaafu, akaeleza kwamba kazi ya mfuniko ni kubana shinikizo ili maji yachelewe kuchemka. Kadiri unavyopanda mlima, maji huchemka mapema zaidi. Iringa mjini ni karibu nyuzi 95. Nailoni haikuwa imearifiwa.

Dereva, kwa kutetea heshima yake, akasema: "Lakini themostati haina tatizo."

"Umejuaje?"

"Haimo. Fundi aliitoa. Alisema nchi zetu zina joto, haina kazi."

Mzee akavua kofia kama aliye makaburini. Katika injini nyingi, alisema, themostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta.

Ndipo mtu akauliza lori limebeba nini. Macho yote yakahamia kwenye saruji, nami nikavutiwa ghafla na mandhari ya bondeni. Mizani tulipita salama, lakini mizani hupima uzito, haipimi rejeta.

Wakachomoa kijiti cha oili: haikuwa imegeuka maziwa. Gasketi ya silinda hedi ilikuwa bado hai. Hapo nikaelewa kwamba lori halikutusaliti. Kila kiraka kilimwokolea mtu vijisenti: belti itakazwa safari ijayo, mfuniko utanunuliwa mwisho wa mwezi. Madeni yote yakachagua kudai siku moja, tena mlimani.

Injini ilipopoa, belti ikakazwa, panzi wakafagiliwa, maji yakamiminwa kidogo kidogo huku injini ikiunguruma. Tukapanda taratibu. Tulipoiona Ilula, dereva akapiga usukani kwa furaha.

"Umeona, mzee? Lilikuwa na kiu tu."