Wati Elfu Moja Kwapani

Aliyebuni kompyuta mpakato za siku hizi hakuwa na shangazi. Angekuwa naye, asingethubutu kuzificha spika chini ya tumbo la mashine zikiangalia meza. Ukiiweka kitandani, anayesikia taarifa ya habari ni godoro. Ukiiweka mapajani, ni suruali. Na kila toleo jipya linazidi kuwa jembamba, watu wanasifia, wakati spika ni kifaa kinachoishi kwa kusukuma hewa. Utando wake sharti uende mbele na urudi nyuma. Ukiwa na upana wa kifungo cha koti na umebanwa huko ndani, hewa unayoisukuma haimwamshi hata inzi.

Kwa mtu mmoja na filamu yake usiku, si neno. Ubaya unaanza kwenye kikao cha harusi.

Cha kwetu kilikaa sebuleni, Tabata. Wazee kwenye makochi, vijana mkekani, kompyuta yangu juu ya stuli, na ndani ya kompyuta Baba Mdogo, anayeuza spea za magari Muscat. Wote tulimsubiri yeye, maana ahadi yake ndiyo ingeamua kama wageni watakula pilau ya nyama au pilau ya harufu ya nyama. Baba Mdogo akakohoa, akashukuru, akamwombea marehemu babu, kisha akasema: "Mimi sitachangia chini ya milioni moja."

Hivyo ndivyo alivyosema. Lakini Shangazi alikuwa amekaa karibu na dirisha, na nje ya dirisha kuna fundi mageti na mashine yake ya kukatia vyuma. Kilichomfikia ni hiki: "Mimi nitachangia chini ya milioni moja."

"Chini ya milioni!" Shangazi akajifunga khanga upya, dalili ambayo ukoo wetu unaifahamu. "Mtu ana duka Muscat! Huyu nimembeba mgongoni mimi!"

Baba Mdogo, ambaye alisikia vizuri kabisa upande wake, akadhani dada yake anaona hata hiyo milioni ni kidogo. Akasema jambo kuhusu watu wasiotosheka. Picha ikakatika. Mpaka leo hatujui kama ilikatwa na mtandao au na kidole.

Niwatetee wote wawili. Kwa Kiswahili, mtu anayekubali na mtu anayekataa wanaweza kutofautiana kwa konsonanti moja tu mwanzoni mwa kitenzi, na konsonanti hizo mbili hazina nguvu sawa. N inavuma chini, mahali ambapo hata spika dhaifu inafikafika. S ni upepo mtupu, na sehemu kubwa ya nguvu yake iko juu ya hezi 4,000. Ndiyo maana kwenye simu za zamani, ambazo hazikupitisha zaidi ya hezi 3,400, ukitaja jina lako ulilazimika kuongeza: S ya Simba. Sasa chukua S ya Baba Mdogo, ipitishe baharini, itoe kwenye vitundu vinavyotazama stuli, halafu uishindanishe na chuma kinachokatwa. S haikuwa na bahati. Shangazi naye si mtu wa kuacha pengo wazi; alilijaza na herufi aliyoitarajia.

Kamati ikaazimia ninunue spika. Mweka hazina akanikabidhi Sh 40,000 kutoka fungu la dharura, kwa uso wa mtu anayetoa figo.

Kariakoo unanunua chochote, lakini kununua spika kule ni sawa na kuonja chumvi ukiwa umesimama baharini. Barabarani vipaza sauti vinanadi vyupi na viazi. Bajaji ina sabufa nyuma ya kiti. Kila duka la spika limefungulia zake zote, na hakuna linalotaka kuzidiwa na jirani. Kabla sijavuka barabara winga alikuwa ameshanishika kiwiko.

"Boss, spika? Sabufa? Twende dukani kwangu."

Duka halikuwa lake, bila shaka. Winga anakupeleka kwenye duka la mtu mwingine na anaweka chake juu ya bei. Simlaumu, bila yeye ningekuwa bado nazunguka Mtaa wa Msimbazi nikiuliza njia ya kutokea.

Dukani nikapokewa na ukuta mzima unaowakawaka. Nimegundua kwamba spika ya bei nafuu siku hizi inauzwa kwa macho. Taa za bluu, taa za zambarau, taa zinazokimbizana. Moja ilikuwa na umbo la chupa ya soda, nyingine ni bomba lenye mkanda wa kuvaa begani. Boksi la ile niliyoonyeshwa kwanza, linaloenea kwapani, liliandikwa wati 1,000.

Wati 1,000 ni za pasi. Kama kijispika kile kilikuwa nazo kweli, ningekigeuza nikanyooshea suruali. Nikamuuliza muuzaji kinapata wapi umeme. Akanionyesha waya wa USB: unachomeka kwenye kompyuta, basi. Tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa volti 5 na nusu ampia, yaani wati 2.5. Hata tundu la USB 3.0 linaishia wati 4.5. Nikamfanyia hesabu hiyo juu ya boksi lake, kwa kalamu yake.

"Boss," akasema kwa upole, "hizo ulizopiga ni wati za umeme. Hizi ni wati za muziki."

Sijawahi kupata jibu la kumshinda. Pembeni ya ile 1,000 kulikuwa na herufi nne, PMPO, na hiyo ni wati ambayo kila kiwanda hujipimia kwa kibaba chake. Anayetaka kujua spika inatoa nini mfululizo bila kukoroma atafute zile zinazoandikwa RMS. Kwenye spika ndogo ya bei ndogo utakuta 3, utakuta 5, na usidharau. Hata ukiongeza wati mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu. Ili sikio lako likiri kwamba kelele imekuwa maradufu, unahitaji karibu wati mara kumi.

Winga akaleta nyingine. Hii ilikuwa na vile visahani viwili pembeni ambavyo kwenye spika ya maana havina sumaku wala waya. Hewa ya ndani ndiyo inavitikisa, na mtikisiko huo ndio unaoongeza besi. Nikakigusa kimoja. Kilikuwa plastiki ngumu iliyogundishwa na gamba, pambo tu. Yule muuzaji akanitazama kama nimefunua sufuria ya watu.

Kupima kwenyewe kuna utaratibu wake. Anaweka singeli, anapandisha mpaka mwisho, anakutazama usoni. Singeli ina mapigo yanayovuka 200 kwa dakika. Ukiipiga kupitia bati la kuezekea, bati litaonekana lina besi. Nikasema sitaki singeli. Akaweka taarabu. Nikasema nataka taarifa ya habari.

Duka lote likaniangalia.

"Habari?" winga akashangaa. "Boss, habari si unasoma?"

Ikabidi nichukue njia yangu. Nikatoa simu, nikajirekodi pale pale: "Sitatoa. Nitatoa. Sitakuja. Nitakuja. Sitachangia. Nitachangia." Kisha nikaomba ipigwe kwenye kila spika, moja baada ya nyingine, nami nikiwa nimesogea mpaka mlangoni kwenye zogo. Ile ya wati 1,000 ilitoa ngurumo ndefu ambayo ingeweza kuwa ahadi, ingeweza kuwa radi. Ile ya umbo la chupa ilinifanya nisikike nimefungiwa kabatini. Mama mmoja aliyekuwa anachagua kava za simu akanigusa bega kwa huruma.

"Kaka, kama huna hela mwambie tu ukweli anayekudai."

Kijivu ndiyo iliyoshinda. Ndogo, ya mraba, haina taa, imekaa rafu ya chini kabisa ikiwa na vumbi juu. S ilitoka kama S. Ina maiki yake, ina Bluetooth, na ina tundu la waya la milimita 3.5, ambalo muuzaji alilipita haraka kama mtu anayekwepa kutaja umri wake. Betri iliandikwa mAh 9,800, na hapo nikacheka peke yangu, kwa sababu ndani kulikuwa na kile kibetri cha mviringo chenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, na vya uhakika vya saizi hiyo kwa kawaida havivuki sana 3,500. Bei, Sh 30,000.

"Punguza."

"Sitapunguza, boss," akasema, huku nyuma yake sabufa tatu zikinguruma.

"Asante sana kwa kupunguza," nikamwambia, nikamhesabia elfu ishirini na tano.

Alicheka mpaka akashika kaunta. Winga hakucheka, maana sehemu ya ile elfu tano ilikuwa yake.

Kikao cha pili watu walikuja wengi kuliko cha kwanza. Habari za ugomvi zilikuwa zimesambaa. Nikaweka spika katikati ya sebule, nikaiwasha. Mwanamke wa ndani ya spika, yule anayetangaza kwa Kiingereza kwamba kifaa kiko tayari kuunganishwa, akapiga ukelele ambao kitufe cha sauti hakina mamlaka nao.

"Mke wa mdogo wangu siku hizi anatusalimia kwa Kiingereza?" Shangazi akauliza.

Tukamtuliza. Baba Mdogo akatokea kwenye kioo, amenuna. Akaanza kusema, na sauti ilikuwa kubwa, kubwa kweli, hata fundi mageti akainua kichwa. Lakini ilikuwa sauti ya mtu aliye chini ya kisima. Midomo ilitangulia, maneno yakafuata baadaye kidogo, na yalipofika hayakuwa na ncha. "-itasema jambo moja," tukasikia. Atasema au hatasema? Wazee wakatazamana. Shangazi akaanza kushika ncha za khanga.

Bluetooth imepewa jina la mfalme Harald wa Denmark, wa karne ya 10, anayesifiwa kwa kuwaunganisha Wadenmaki na Wanorwe. Wahandisi walilichagua miaka ya 1990 kwa matumaini kwamba vifaa navyo vitaungana. Mfalme hakukutana na ukoo wetu.

Nikafanya lile ambalo kila Mtanzania hulifanya kwa kifaa kilichogoma: nikazima, nikawasha. Spika ikaamka, mwanamke akapiga ukelele wake, na badala ya kurudi kwenye kompyuta ikajiunga na simu iliyokuwa karibu zaidi na inayoifahamu, simu ya mpwa wangu, ambaye jana yake aliiazima spika "kujaribu tu". Wakati huo yeye yuko mlangoni, kainamia simu, kafungua ujumbe wa sauti na kuuweka sikioni. Haukutokea sikioni.

"Sasa wewe, siku sita sijakusikia," akasema binti katikati ya sebule, mbele ya wazee. "Umesusa? Sitaki stori. Sema unanipenda au siyo, nisisumbuke."

Kila S ilipiga mluzi. Hapakuwa na mtu aliyepoteza silabi moja. Mpwa alishakuwa barabarani.

"Huyu binti anasikika," Shangazi akasema kwa heshima. "Na yeye yuko Muscat?"

Hapo ndipo akili iliponijia. Spika ilikuwa nzima. Bluetooth ina njia mbili za sauti: njia pana ya kusikilizia, aliyopita yule binti, na njia nyembamba ya kuongelea simu. Kompyuta inapotaka kutumia maiki ya spika, inaihamishia spika yote kwenye ile nyembamba. Kwa vifaa vya kawaida njia hiyo huchukua sampuli 8,000 kwa sekunde, na kwa hesabu za sauti hapo hakipiti chochote kilicho juu ya hezi 4,000. Yaani S inaachwa Muscat. Vipo vifaa vinavyokubaliana kutumia sampuli 16,000, lakini kukubaliana hakukuwa desturi ya sebule ile.

Dawa ni kwenda kwenye mipangilio ya sauti na kuichagulia kompyuta maiki yake yenyewe, spika ibaki kuwa spika. Nikafanya hivyo. Halafu, kwa kuwa simu za wapwa zilikuwa bado nyingi chumbani, nikaachana kabisa na mfalme Harald, nikachomeka waya kwenye tundu ambalo muuzaji hakutaka kulitaja. Waya wenyewe mfupi, ikabidi spika ikae stuli moja na kompyuta.

Mwenyekiti akamwomba Baba Mdogo arudie ahadi yake, taratibu.

"Nilisema, na narudia: sitachangia chini ya milioni moja."

Vigelegele. Shangazi akasimama, akamwita mdogo wake majina ya utotoni, akamlaumu kwa nini siku ile hakusema hivyo. Baba Mdogo akacheka kwa mara ya kwanza, akaaga, akageukia pembeni akidhani ameshafunga maiki, na sebule nzima ya Tabata ikamsikia anamwambia mkewe, herufi kwa herufi: "Andika milioni moja basi. Isizidi hata senti."

Shangazi akaketi polepole.

"Hiyo senti nimeisikia," akasema. Kisha akanigeukia. "Spika nzuri hii. Umenunua shilingi ngapi?"

Nikasema elfu ishirini na tano. Mweka hazina, aliyekaa hatua mbili kutoka kwangu, akainua kichwa kutoka kwenye daftari, akauliza ile elfu kumi na tano iliyobaki iko wapi. Nikamwambia sikumpata vizuri, labda arudie kikao kijacho.