Mwacheni na Begi Lake la Jeshi

Jamani, tuache kusonya kwanza. Kahawa haijapoa, kashata hazijaisha, tayari mtu ameshahukumiwa na benchi zima. Kosa lake nini? Shemeji wa fundi viatu wetu, yule anayeishi Denver, katuma video yuko milimani huko Colorado anawinda. Theluji imemfika vifundoni, pumzi inamtoka moshi, na mgongoni kabeba begi la jeshi la Marekani, lile la kijani lililopauka, na juu yake limefungwa paja zima la elki. Basi. Msonyo wa kwanza ukatoka kule upande wa duka: "Mtu uko Marekani unanunua begi kuukuu la wanajeshi? Si huko ndiko mapya yanakotoka?" Wa pili akadakia: "Huyo anataka aonekane komando tu." Hata dogo wa bodaboda naye akasonya.

Mimi sikubaliani nao hata kidogo.

Kwanza mjue kinachobebwa. Elki ni jamii ya kulungu, lakini msimfikirie kulungu wa huku kwetu anayejipenyeza kichakani akapotea. Dume la elki lililokomaa linazidi kilo 300. Ukishalichuna, ukatoa matumbo, ukatenga mifupa, bado una nyama safi inayoweza kukaribia kilo 100, na gari umeliacha mbali huko bondeni. Dogo wa boda akauliza kwa nini wasiite pikipiki. Nikamwambia, mdogo wangu, milima ile ina maeneo makubwa yanayolindwa na sheria ya mwaka 1964: gari haliingii, pikipiki haiingii, hata baiskeli haiingii. Mwenye uwezo anakodi farasi au nyumbu wa kubebea mizigo. Asiye na uwezo ana mgongo wake. Anashuka na paja moja, anapanda tena kufuata la pili, kisha mikono, kisha nyama ya mgongoni, ya shingo na ya mbavu. Jua linazama anapanda, mwezi unatoka anashuka.

Sasa kwa kazi ya namna hiyo mnataka abebe begi gani? La shule?

Fundi ndiye pekee aliyekuwa kimya muda wote huo. Alikuwa kaisimamisha video, kaikuza picha kwa vidole viwili, anatazama mshono. Yule hatazami mtu, anatazama kazi. Akatuita tuangalie fremu. Ni mabomba membamba ya alumini yaliyokunjwa kufuata mgongo, yameshikana kwa ribiti na vipande bapa. Akasema kitu kilichoungwa kwa ribiti unaweza kukitengeneza hata chini ya mwembe: ikilegea unaing'oa, unagonga nyingine. Kisha akatuonyesha kwa ncha ya sindano yake mahali mikanda ilipoingia kwenye kitambaa: mshono umekwenda, umerudi, umekatiza msalaba katikati. "Aliyeshona hapa," akasema, "alijua kuna mtu atalining'iniza kwa mkanda mmoja likiwa limejaa."

Ndugu zangu, begi hilo linaitwa ALICE. Jeshi la Marekani lililipitisha Januari 1973 na likakaa mgongoni mwa askari kwa miaka mingi, mpaka mfumo mwingine unaoitwa MOLLE ulipoanza kuingia mwishoni mwa miaka ya 1990. La kati lilipangiwa kubeba kilo kama 23, kubwa kilo kama 32. Askari wamelitupa kutoka kwenye malori, wamelikalia, wamelilalia kwenye tope. Jeshi lilipobadilisha vifaa, ghala zikafunguliwa, mabegi yakaingia madukani kwa raia. Kwa hiyo huyo shemeji hakununua taka. Amenunua kitu kilichojaribiwa na watu wasio na huruma nacho, kwa pesa ambayo mfanyakazi wa kawaida anaweza kuitoa bila kuvunja bajeti ya nyumbani.

Maana hayo mapya mnayoyataja, mnajua bei yake? Begi zuri la kuwindia na fremu yake, jipya, huko linaweza kupita dola 500. Kuna hata kampuni iliyoanzia hapo hapo Colorado inaitwa Kifaru, ndiyo, jina letu hili hili, inashona mabegi ya askari na ya wawindaji, na watu wanayasifu sana. Sina neno nayo. Ni kazi nzuri na wanastahili kulipwa. Lakini mtu anayefanya kazi za zamu, mwenye watoto na kodi ya nyumba, na anayewinda ili ajaze friji nyama ya msimu mzima, hawezi kuzitoa dola 500 kwa begi kabla hajalipia leseni, risasi na mafuta ya gari. Kumsonya mtu kama huyo ni kumwambia mawindo ni ya matajiri. Mimi hilo silikubali.

Halafu kuna jambo moja ambalo begi la kawaida halina. Fremu ya ALICE unaweza kuivua begi lote ikabaki mifupa mitupu. Chini yake unafunga kirafu kidogo cha chuma kilichotokeza nje, kama kiganja kilichofunguliwa. Jeshi lilikiweka kwa ajili ya mizigo isiyoingia begini. Mwindaji anaweka paja la elki juu ya kirafu kile, anazungusha kamba, anakaza, anaondoka. Uzito unakaa karibu na mgongo, hauvuti nyuma. Damu haijaingia ndani ya begi, na hewa inapita nyama ikapoa njiani, jambo muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu nyama iliyofungiwa na joto lake huanza kuharibika hata kama nje kuna theluji.

Hapo mzee wetu, mwalimu mstaafu, akaniingilia. Yeye hasonyi, anakohoa. Akasema: "Mwanangu, cha jeshi kibaki jeshini. Raia na vifaa vya kivita wapi na wapi?" Shikamoo yake ninayo siku zote, lakini hapa nilimjibu. Nikamwambia, mzee wangu, fremu ile jeshi halikuibuni, ilianzia kwa wawindaji. Huko Norway kulikuwa na mtu anaitwa Ole F. Bergan. Inasimuliwa kwamba mwaka 1908 alikuwa anatoka mawindoni na mzigo mzito, begi linamchimba mgongo, akakata tawi la mreteni, akalikunja lifuate umbo la mgongo wake na kulifunga kwenye begi. Mwaka uliofuata akapata hataza. Baadaye majeshi yakaona faida yake. Na Marekani yenyewe, Lloyd Nelson wa jimbo la Washington alipata hataza mwaka 1924 kwa fremu yake ya mbao, baada ya kubebea mzigo kwa ubao wa wenyeji wa Alaska uliotengenezwa kwa vijiti na ngozi ya sili. Wenyeji wale walikuwa wanabeba nyama zao kabla jeshi halijafika. Kwa hiyo raia akilichukua begi leo, anarudisha kilicho cha wawindaji wenzake. Mzee akaagiza kikombe kingine. Kwake hiyo ni dalili njema.

Na kwa kuwa nimeitaja Alaska, niwaambie kitu kinachonigusa sana. Kule sheria ya uwindaji inasema nyama itangulie. Huruhusiwi kutoa pembe pale ulipomuulia mnyama mpaka nyama inayolika iwe imeshatoka. Pembe zije na mzigo wa mwisho. Ukiacha nyama ioze ukaondoka na pembe za kupamba ukutani, una kesi. Nilipolisikia hilo nilifurahi. Nimekulia kwa watu ambao mnyama akianguka kijiji kizima kinajua, na mzee wa jirani asipopata kipande chake ni aibu ya ukoo. Kumwua mnyama wa kilo 300 kisha ukamwacha nusu kwa sababu begi lako halibebi, huo ni uharibifu. Ndiyo maana mimi sijali begi lina rangi gani wala limechakaa kiasi gani. Ninauliza: nyama yote ilitoka?

Lakini kumtetea mtu si kumficha ukweli. ALICE lina matatizo, na fundi aliyaona kabla sijayataja. Mikanda ya mabegani ni myembamba, sponji yake imeshakufa. Ule mkanda wa chini haukai kwenye nyonga, unakaa juu yake, kiunoni, kwa hiyo mzigo wote unaning'inia mabegani. Fremu ni ya saizi moja kwa watu wote, na shemeji wake ni mrefu; mtu mrefu ndiye anayeumia zaidi. Hata kwenye video ukitazama vizuri utaona kila baada ya hatua chache anainama na kurusha mabega juu, anatafuta pumziko. Wenye uzoefu huko wamepata dawa: wanafunga fremu ya ALICE kwa mikanda ya mabegani na ya kiunoni iliyotoka kwenye MOLLE, ambayo ina sponji nene na inashika nyonga kweli kweli. Wanaliita Hellcat. Vipande vyote ni vya jeshi na vinapatikana kwa bei ya kawaida, na kazi yenyewe ni ya jioni moja. Fremu za plastiki za MOLLE za mwanzoni zilikuwa zinavunjika, za baadaye zikaimarishwa, kwa hiyo ukinunua hiyo uikague kwa mkono. Na mabegi ya jeshi la Uingereza yenye mifuko miwili ya pembeni, yanayofika lita 120, ni imara mno, ila mtu asiye na nidhamu atayajaza vikorombwezo mpaka ashindwe kupanda mlima kabla hata hajamwona mnyama.

La hatari zaidi ni rangi. Hapa nilisema kwa sauti, na ninarudia. Colorado, msimu wa bunduki, mwindaji anatakiwa avae chungwa kali au pinki kali, angalau inchi za mraba 500 juu ya kiuno, yaani kama theluthi ya mita ya mraba, na kofia ya rangi hiyo. Ni ili mwindaji mwingine akitazama kwa darubini kutoka mbali ajue kile kinachotembea ni mtu. Sasa ukivaa kizibao cha chungwa kisha ukakifunika kwa begi kubwa la kijani, na juu ya begi ukafunga paja lenye manyoya, kwa nyuma unaonekana nini kati ya miti? Kwenye ile video nilitazama mgongo wa shemeji. Kofia ipo, chungwa ya mgongoni haionekani. Hapo ndipo mimi nami nilisonya, na nilisonya kwa uchungu, kwa sababu yule ni baba wa watoto. Kitambaa cha chungwa kikubwa kifungwe juu ya mzigo, na nyama ifunikwe kwa mfuko wa kitambaa cheupe au cha chungwa. Begi halikataliwi, mtu aonekane tu.

Dogo wa boda akaona sasa mambo yamenoga, akauliza kama begi la namna hiyo linapatikana soko la Karume. Nikamshika mkono. Huko Marekani raia kubeba begi la jeshi dukani na msituni si kosa. Hapa kwetu mambo ni tofauti. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ, lilitoa siku 7 kwa raia wenye mavazi ya kijeshi na yanayofanana nayo kuyasalimisha. Nchi yetu imeshaona watu wakitumia sare kudanganya na kupora, na mwenye kijiji chake mpakani anajua uzito wa kumwona mtu wa mabaka asiyemfahamu. Kwa hiyo ukikuta begi lenye mabaka limelala kwenye marobota ya mitumba, liache lilale. Na kuwinda kwenyewe, hapa ni kwa kibali, na Kenya uwindaji wa burudani umepigwa marufuku tangu 1977. Ukitaka begi la kubebea mzigo wako, tafuta la wapanda milima, la bluu au jekundu, angalia fremu na mkanda wa nyonga, mpe fundi aongeze mshono.

Fundi akaomba tunyamaze arekodi ujumbe wa sauti. Akamwambia shemeji yake paja limeonekana, wapike salama, na watu wa kijiweni wanamsalimia. Akamwambia atafute ile mikanda ya MOLLE kabla ya msimu ujao, aifunge chini zaidi, mfupa wa nyonga ndio ushike mzigo. Akague ribiti zote kwa kidole. Aoshe begi kwa maji baridi mpaka harufu ya damu iishe, dubu wapo huko. Kisha ajaze mchanga kilo 20, apande na kushuka ngazi za jengo analoishi wiki kadhaa mfululizo, na mahali begi litakapomchuna apige picha amtumie, amchoree sponji ikatwe vipi. "Na chungwa, shemeji," akasema, "dada yangu ameshaniuliza habari ya chungwa."