Bawa Limepinda? Sema Ulikusudia

Kuna mafundi wa ndege ndogo za mfano, zile zinazoendeshwa na raba iliyosokotwa, watakaokuambia bawa lazima linyooke kama rula. Waache na rula zao. Ndani ya ukumbi wa kanisa au wa shule, iwe Thika au Ruiru, bawa lililonyooka mno ndilo huangusha ndege mbele ya watu. Sogea karibu nikupe njia ya mkato.

1. Usijenge upya. Bawa ulilokata kwenye trei ya foamu ya kufungia nyama linapindika kwa vidole. Supaglu iweke mbali, inakula foamu. Gundi nyeupe yatosha.

2. Pinda la kushoto. Ukiitazama ndege kwa nyuma, pangaboi likizunguka kuelekea kulia, mwili nao hulalia kushoto. Usishindane nalo: iache ndege izunguke ukumbi kwa kushoto, kisha shusha ukingo wa nyuma wa bawa hilo milimita 2 au 3 hivi kwenye ncha. Lipulizie pumzi ya moto, lipinde, lishikilie mpaka lipoe. Sasa linabeba zaidi, halizami. Tena linakokota hewa kidogo, hivyo linasaidia ndege kukata kona. Lakini ukizidisha, bawa hilo litaishiwa nguvu kabla ya mwenzake, na ndege itaangukia upande uleule uliotaka kuuokoa.

3. Ikienda mbio, laumu mwinuko. Thika iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 14 kuliko ya pwani. Ndege yenye uzito uleule hulazimika kwenda kasi zaidi, asilimia 7 au 8, ndipo ielee. Kisingizio hiki ni halali kabisa, kitumie. Kisha, wasipokuona, punguza gundi.

4. Siku ya watazamaji, funga milango na madirisha. Sokota raba mpaka ijae mafundo, halafu irudishe nyuma mizunguko kadhaa. Ule mshtuko wa mwanzo ndio unaolaza ndege. Ukishaupunguza, hata bawa ulilopinda kwa kubahatisha litaonekana kazi ya bingwa. Na mabingwa wenyewe hufanya hivyohivyo.

5. Ikinasa kwenye kenchi, usirushe kiatu. Funga uzi kwenye puto la gesi la sherehe, lipandishe taratibu mpaka liguse bawa, sukuma. Watu hushangilia uokoaji kuliko safari yenyewe. Pokea makofi yote.