Mzungu Makofi, Msukuma Kicheko

Mtcheew! Wana kijiwe, hebu mimineni kahawa tuambizane ukweli. Mzungu akitokea Kariakoo akasema "mimi taka nyanya", mwenye genge anampigia makofi na fungu anamwongezea: "Huyu anajua Kiswahili!" Nyuma yake anakuja kijana wa Bariadi, sentensi zake zimenyooka, ila lafudhi ni ya kwao. Mwenye genge yule yule, meno yote nje: "We Msukuma, ng'ombe umemwachia nani?"

Sasa hapo aliyevunja lugha ni nani?

Na hicho Kiswahili sanifu mnachompimia mwenzenu mmekitoa wapi? Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ndio uliochagua Kiunguja kiwe msingi. Kimvita kikapigwa chini pale pale nyumbani kwake. Mwaka 1930 ikaanza kamati ya lugha ya Afrika Mashariki, katibu wake wa kwanza Mwingereza, Frederick Johnson. Yaani hata rula yenyewe tumeazima, halafu tunachapana nayo!

Mtasema ni utani. Utani naujua mimi. Mzaramo na Mnyamwezi wanachokozana mpaka msibani, lakini kila mmoja ana zamu yake ya kujibu. Huu wa kwenye vichekesho vya runinga zamu hauna. Mlinzi wa geti lazima aongee kibara, bosi aongee kama mtangazaji. Mtoto anatazama, anajua mapema wa kwao wanasimama wapi: getini.

Akikua akaja mjini, simu ya mama yake ikiita anatoka nje kuipokea, Kisukuma kisisikike. Jina la babu analifupisha hadi linapotea. Mtu mzima anaishi kwa kujichunga ulimi, tena katika nchi yake!

Mbona Rais Magufuli hamkumcheka? Katoka Chato, alikuwa na shahada ya udaktari ya kemia, kaingia Ikulu 2015 na lafudhi yake vilevile. Nani alithubutu kumwuliza habari za ng'ombe? Kumbe hamcheki lafudhi, mnacheka mfuko.

Basi hesabuni. Yule wa Bariadi ana Kisukuma, ana Kiswahili, na sekondari kasomeshwa kwa Kiingereza. Wewe unayemcheka una Kiswahili cha mtaa mmoja, na kahawa ya jana hujalipa. Mtcheew!