Mhadhara wa Bingwa wa Ukungu, Taru

Mheshimiwa Chifu, wazee wa kaya, kina mama wa chama, nanyi vijana wa boda boda mliofuata kivuli badala ya elimu! Aliye mbele yenu ni bingwa wa ukungu kutoka Mariakani hadi Mackinnon Road. Shahada nimejitunuku mwenyewe, kwa kuwa hapa Taru hapakupatikana mtu wa kiwango cha kunitahini.

Leo nautetea uchafu. Mmeambiwa penisilini iligunduliwa kwa akili. Thubutu! Iligunduliwa na meza isiyofutwa. Alexander Fleming, mtoto wa mkulima wa Scotland, aliviacha visahani vyake vya bakteria wa majipu vimerundikana katika hospitali ya St Mary's, London, akaenda zake likizo. Aliporudi, Septemba 1928, kisahani kimoja kilikuwa kimeota ukungu, na bakteria waliokuwa jirani na ukungu huo wameyeyuka. Ni huyu huyu aliyewahi kuzichunguza kamasi zake mwenyewe kwenye kisahani. Kwangu mtu wa namna hiyo angefukuzwa jikoni. Kwao alipewa cheo cha Sir.

Mzee wangu pale ananong'ona: mbona hatukuigundua sisi, na sima ya kulala tunayo? Lawama ni za jua. Ukungu ule hupenda ubaridi wa nyuzi 20 hivi, na bakteria wa majipu hupenda joto la mwili wa mtu. Mwaka ule London ilipata siku kadhaa za baridi katikati ya kiangazi. Ukungu ukatangulia kuota, na joto liliporudi bakteria wakaamka na kukuta shamba lina mwenyewe. Sasa itazameni Taru, ambako mbuzi hugombea kivuli cha nguzo ya umeme. Hapa bakteria wangemaliza shughuli yao ukungu haujafungua mzigo. Nobeli tumedhulumiwa na jua, wananchi! Barua ya malalamiko iko tayari, imekosa anwani tu.

Kisha wakaja watu wa Oxford, Howard Florey, Ernst Chain na Norman Heatley, wakaiharibu hadithi kwa bidii. Fleming alishindwa kuitenga dawa ikawa safi, wao wakaweza. Mei 1940 waliwadunga panya wanane bakteria wa kuua, wakawapa wanne penisilini. Kufikia asubuhi wanne wasiopewa walikuwa maiti. Sehemu hii huwa naipita mbio, maana inahusu watu kukesha kazini. Ila nawavulia kofia kwa jambo moja: ukungu waliukuza hata katika vyombo vya kujisaidia wagonjwa kitandani! Na Februari 1941, walipomtibu polisi mmoja, Albert Alexander, dawa ilikuwa haba hata wakakusanya mkojo wake, wakaitoa penisilini iliyomo, wakamdunga tena. Alipata nafuu, dawa ikaisha, akafa mwezi Machi. Mwaka 1943 huko Peoria, Marekani, tikiti lililooza likatoa ukungu wenye kuzaa dawa nyingi zaidi. Tikiti lililooza, jamani! Mke wangu angewatupia kuku, na sayansi ingeishia hapo.

Na matunda yake mmeyaona: wazee mnaikumbuka buba, vidonda vile vilivyowala watoto. Sindano moja ya penisilini ilitosha kuiponya.

Nimalizie na kosa la Fleming. Akipokea Nobeli, Desemba 1945, aliogopa siku ambayo mtu yeyote ataweza kuinunua dawa hii dukani. Akatoa mfano wa bwana anayejitibu koo kwa kipimo kidogo: bakteria hawafi, wanajifunza kuihimili dawa, wanahamia kwa mkewe, naye mke anakufa huku penisilini ipo. Maneno ya kutisha watoto! Mimi hununua vidonge viwili vya rangi mbili. Kimoja nameza, cha pili nakipasua nikakinyunyizia kidonda cha punda. Nikipata mafua, nameza tena. Ati mafua ni ya virusi, na penisilini haiwagusi virusi. Ni maneno ya waliosoma. Kweli, siku hizi vidonge havinishiki kama zamani, na punda naye bado anachechemea. Utafiti wangu unaonyesha kuwa kosa ni la punda.

Muuguzi wa zahanati, mkono wako uko juu tangu nilipotaja vidonge viwili. Tafadhali ushushe. Maswali tumeyafunga.