Namna ya Kuitumia Alfajiri Bila Kutoka Kitandani

Kwanza chagua alfajiri yako, maana zina madaraja. "Alfajiri" tupu ni ahadi ya kawaida. "Alfajiri na mapema" ni ya fundi aliyekwisha kula advansi. "Alfajiri mbichi" iweke akiba kwa ajili ya wakwe. "Mapambazuko" waachie washairi; fundi bomba akikuahidi kufika mapambazuko, utamtilia shaka kabla hajakosea.

Usitaje saa. Ukisema saa kumi na moja umejifunga, kwa kuwa kila mtu ana simu. Kwa hesabu ya anga, alfajiri huanza jua likiwa nyuzi 18 hivi chini ya upeo, na huku kwetu karibu na ikweta hilo ni dakika 70 na ushee kabla halijachomoza. Nafasi tele ya kuchelewa humohumo ndani.

Ukibanwa, kimbilia elimu. Wanazuoni wa Kiislamu walishatenganisha alfajiri mbili. Ya kweli hutandaa kwa upana kwenye upeo. Ndiyo inayoingiza sala na kumkuta mla daku na tonge mkononi. Ya uongo hutangulia: mwanga unasimama wima angani, kisha unafifia, giza linarudi. Basi wewe hukudanganya hata kidogo. Hukusema tu ni ipi.

Hoja hiyo usiipeleke kwa mwadhini, wala kwa mvuvi anayerudi na dagaa. Zaidi ya wote muepuke mama wa vitumbua. Unga wake wa mchele umeumuka usiku kucha. Kitumbua cha kwanza anakigeuza gizani, kwa kusikiliza mafuta. Cha kumi anakiona kingo. Unga ukifika mwisho wa bakuli anaiona rangi ya kitumbua bila tochi, na hapo kumekucha. Alfajiri yote imepita mbele ya kikaango chake. Mwambie ulipita hapo alfajiri, atakuuliza ulipitia njia gani, na wateja waliokaa kwenye benchi watageuka wakusikilize.

Limebaki la simu. Ipokee umekaa, kohoa kwanza uondoe usingizi kooni, kisha sema "nipo njiani." Ila funga dirisha kabla hujatamka neno. Kengele ya shule ikisikika nyuma yako, hata alfajiri ya uongo haitakubali kukutolea ushahidi.